Usile Kabla Hujasoma Hukumu

Vijana wangu wa greffe, ofisi ya makarani wa mahakama, nyinyi mnaobaki na mihuri na majalada: mliponiaga kwa soda na mikate, mmoja wenu aliniomba niwaandikie mambo yote ya kazi. Mambo yote siyajui. Anayeyajua ni Mwenyezi Mungu, na Yeye hana haja ya kuandikiwa. Nitaandika yale ambayo miguu yangu inayakumbuka, kwa sababu kazi ya huissier ni ya miguu kuliko ya kichwa. Jaji hukaa, karani hukaa, wakili husimama akipenda. Huissier ndiye anayeichukua karatasi ya mahakama na kuifikisha mkononi mwa mtu, iwe ni wito wa kuja shaurini au hukumu ya kesi iliyokwisha. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji cha kesi nitakayoisimulia sitakitaja. Wenyewe wakisoma watajijua, na naomba wanisamehe.

Mimi ni mtoto wa mji wa Baraka, Kongo, wa nyumba zilizo karibu na ziwa. Nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kusoma Kifaransa shuleni, na hilo lilinipa jina nililostaafu nalo: Shehe Huissier. Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa koti la marehemu baba yangu, koti zito, na jua la Baraka mnalijua. Mzee Ramazani, huissier wa zamani ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Saidi, unaenda kuoa ao kuita batu ku tribinali?"

Nikalivua. Akanionyesha vyombo vyake: baiskeli isiyo na breki ya mbele, wino wa muhuri, na gunia la nailoni la unga alilolikata na kulishona liwe mfuko, maana mvua haijui karatasi ipi ni ya mahakama. Alikuwa pia na fimbo ya mbwa, lakini sikuwahi kumwona akipiga nayo. Alikuwa akisimama mbali na kumsalimia mbwa kwa sauti, na mwenye nyumba alitoka kuona ni nani anayeongea na mbwa wake. Nimeitumia njia hiyo maisha yangu yote. Imeshindwa mara moja, na kovu ninalo.

Karatasi ya kwanza tuliyopeleka pamoja ilikuwa ya mvuvi mmoja aliyeshindwa kesi ya nyavu. Mkewe alituona tumechoka, akatuwekea ugali na ndagala wa moto, dagaa wa ziwa letu. Nilikuwa na njaa, nikanyoosha mkono. Mzee Ramazani akanishika kifundo cha mkono mbele ya watu, kama mtu anayemkamata mwizi.

"Soma kwanza."

Nikasoma. Mvuvi alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate kando, akaingia ndani. Mkewe aliiinua sahani, na sisi tukapanda baiskeli. Njiani Mzee Ramazani akanieleza.

"Ungekula, angesema: alikula samaki yangu na kisu iko mu mufuko. Usikule mbele hujasoma. Kama bamekwisha kusikia na bado banakupa, kula. Hiyo sasa ni chakula ya kweli."

Kwa sheria hiyo nimekosa milo mingi, na kama sikunenepa ni kwa ajili ya haki. Lakini sikuivunja, na hakuna mtu katika eneo zima la Fizi anayeweza kusema nilikula kwake huku nimemfichia hukumu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kutembea na kutafuta watu. Mtu akiona karatasi hukumbuka safari. Mama mmoja aliniapia kuwa mumewe amepanda milimani Minembwe kununua ng'ombe, na wakati anaapa niliona vidole vya miguu ya mumewe chini ya pazia. Nikasema kwa sauti, "Basi nitamungojea hapa mpaka ashuke," nikaketi. Minembwe iko mbali, lakini bwana yule alishuka upesi sana. Na mimi mwenyewe niliwahi kupanda Minembwe kweli, katika baridi na ukungu, na wito wa ng'ombe walioingia katika shamba la maharagwe. Nilipofika, mwenye ng'ombe na mwenye maharagwe walikuwa wameketi pamoja wanakunywa maziwa. Walinipa kikombe. Nikasema siwezi, nisome kwanza. Nikawasomea ugomvi wao, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha nikanywa maziwa yangu kwa haki kamili.

Nawaambia haya ili msidhani kazi yote ni machozi. Lakini kesi ninayotaka kuwaachia ni ya machozi. Ni ya Mama Zaina, ambaye Zaina ni jina lake mwenyewe, na Mzee Wilondja.

Vita vilipofika kwetu, Zaina alikuwa ameolewa karibuni. Alivuka ziwa na mumewe na wadogo zake mpaka kambini, Tanzania. Mama yake, Bibi Mwajuma, alibaki. Miguu yake ilikuwa imevimba na mtumbwi ulikuwa umejaa, akasema waende, yeye atapanda mwingine. Waliachana mlangoni. Baadaye mtu mmoja alifika kambini na habari kwamba alimwona Bibi Mwajuma katika mtumbwi uliopinduka. Wakamlilia huko huko, bila maiti wala kaburi. Miaka ikapita. Zaina akazaa, akamzika mumewe ugenini, na amani ilipoanza kuonekana akarudi Kongo na watoto wake kutafuta shamba la marehemu baba yake.

Alimkuta humo Mzee Wilondja. Huyu alikuwa jirani yao wa zamani, Mkristo, mzee wa kanisa katika kijiji chake. Baba yake Zaina alimwazima sehemu ya chini ya shamba alime muhogo. Sasa alikuwa akilima shamba zima, amepanda michikichi, na amejenga nyumba katikati. Zaina alisema shamba ni la baba yake. Mzee Wilondja alisema asingebaki yeye, pori lingelimeza, kwa hiyo sasa ni lake.

Kwetu Fizi, mtu aliyeazimwa udongo hulima na kula, lakini hukatazwa mambo mawili: kupanda mti wa kudumu na kuzika mtu wake. Mti watu huweza kuugombania. Kaburi humaliza maneno. Palipo na mfu wako, hapo ni kwako. Kila mtu mahakamani aliijua desturi hiyo, pamoja na wazee wawili waliokaa kando ya jaji kwa ajili ya mambo ya kimila. Jaji akamuuliza Mzee Wilondja kama ana kaburi katika shamba lile.

"Iko moja," alisema kwa sauti ndogo.

"La nani?"

Alivua kofia. "Ya dada yangu."

Mama Zaina akasimama bila kupewa ruhusa. "Muzee Wilondja! Ulizika dada yako mu shamba ya baba yangu, na tulikuwa tunakula sahani moja?"

"Ilikuwa vita, mama."

"Vita! Mama yangu, vita ilimupeleka mu maji. Hata kaburi sina. Na weye uko na makaburi ya kutawanya mu mashamba ya batu!"

Baadhi ya watu walicheka. Mzee Wilondja aliinamia kofia yake na kuizungusha mikononi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kama mnavyosimama nyinyi sasa, nikadhani ile ni aibu ya mwanaume anayeshindana na mjane.

Ilifaa mahakama iende ikaone, lakini siku hizo njia ya kijiji kile haikuwa na usalama. Mashahidi wakaitwa. Walisema walichokijua: kaburi liko, na tangu waliporudi kutoka mafichoni wamekuwa wakiambiwa ni la dada wa Wilondja. Jaji akahukumu kwa aliyoyasikia. Mama Zaina akashindwa.

Nilimpelekea hukumu mjini Baraka, katika kiwanja cha shemeji yake, ambako alikuwa akianika ndagala. Aliniona, akamwita binti yake alete sahani.

"Shehe, kula kwanza."

"Nikisha kusoma, mama."

"Mutu anakataa ndagala ya Baraka! Basi habari yako najua."

"Hata ikiwa nzuri, nasomaka kwanza."

"Soma, basi."

Vijana, mtu hushindwa kesi yake mara mbili: mara ya kwanza mahakamani, ambako kelele za watu humsaidia asisikie vizuri, na mara ya pili nyumbani kwake, wakati wa kusomewa. Hii ya pili ndiyo inayoingia. Kwa hiyo someni polepole, na mkiombwa kurudia, rudieni. Mama Zaina aliniomba nirudie mahali penye kaburi. Nikarudia. Akaendelea kugeuza samaki wake mmoja mmoja, ingawa hawakuhitaji kugeuzwa.

"Shehe, nikifanya apeli, bale bakubwa batasikia nini chenye hawa habakusikia?"

"Hiyo sijui. Najua tu mulango uko wazi, na iko siku utafungwa."

Huissier akiulizwa juu ya rufaa asipite hapo. Asimwambie mtu atashinda, wala asimwambie aache. Amwonyeshe mlango na amwambie utafungwa lini.

"Batu banasema nalilia muhogo," alisema Mama Zaina. "Muhogo nitapata fasi yote. Lakini mama yangu hana kaburi. Ile shamba ndiyo kaburi yenye nilibakia nayo. Nikiipoteza, atakuwa kama mutu hakuishi hapa dunia."

Kisha akamwambia binti yake arudishe ile sahani mbele yangu. Nilikula. Walikuwa ndagala wazuri.

Akakata rufaa kabla mlango haujafungwa. Rufaa ni kazi ya subira. Jalada hufungwa kwa kamba, hupanda mtumbwi wa mota, hulala katika kabati la ofisi nyingine, na aliyeshindwa huendelea kuishi katikati ya watu wanaojua kuwa ameshindwa. Sokoni walimpa jina.

"Mama Apeli! Hii samaki nayo uliifanyia apeli, ao iko ya leo?"

"Iko ya leo," alijibu. "Kesi ndiyo ya jana. Kama hununui, ondoa kivuli."

Nilipita pale nikamsikia, nikamshukuru Mungu kwa ulimi aliompa. Asiye na ulimi wa namna hiyo huachia rufaa njiani.

Majaji wa juu walisoma jalada na kuamua kwenda wenyewe shambani. Wakati huo njia ilikuwa imetulia. Tulikwenda mimi, mama jaji aliyeongoza na majaji wenzake, karani wake, pande zote mbili na mkuu wa kijiji. Barabara ya pale hufuata ziwa kwenda kaskazini, ndiyo inayofika Uvira. Tulipita kwanza kwenye kiwanja cha zamani cha ukoo wa Wilondja. Makaburi yao yako kando ya barabara, yamelala yakiifuata, kila moja na msalaba wake wa chuma. Kisha tukashuka shambani, katikati ya michikichi, hadi kwenye kaburi tulilolifuata.

Lilikuwa limefagiliwa. Mawe ya ziwani yalipangwa kulizunguka, lililo kubwa upande wa kichwa, lakini msalaba halikuwa nao. Na halikuifuata barabara: lilikuwa limelala kwa kukingamana nayo.

Mama Zaina alilizunguka mara moja. Akasimama upande wa miguu, akatazama kaskazini, akatazama tena chini. Nilitegemea atapiga kelele kama ile siku ya kwanza. Alisema taratibu sana.

"Muzee, dada yako alisilimu lini?"

Mama jaji hakuelewa, akamtaka aeleze.

"Mama juge, batu ya huyu muzee bote balilala kufuata barabara. Tumepita pale, umebaona. Huyu mumoja alilala kukatiza, kichwa pale penye jiwe kubwa: akilala ubavu wa kuume, uso iko kule njia inaenda Uvira. Kule ni kibla. Hivi ndivyo sie Baislamu tunalazaka batu yetu. Na musalaba hana. Mi nauliza tu. Dada yake alisilimu lini?"

Mzee Wilondja alivua kofia. Akaketi chini, juu ya majani makavu, kama mtoto.

"Iko mama yako," alisema.

Karani aliacha kuandika. Mama jaji hakumkaripia.

Basi akasema yote, nasi tukiwa tumesimama. Bibi Mwajuma hakupanda mtumbwi wowote. Watu walipokwisha kukimbia, Wilondja alirudi kuchukua mbegu zake, akamkuta mlangoni pale pale alipoachwa. Akabaki naye. Alimsagia muhogo, akamtekea maji. Homa ilipomzidi, Bibi alimfundisha jinsi ya kumlaza: ubavu wa kuume, uso kwenye njia ya Uvira. Hapakuwa na mtu mwingine kijijini. Alichimba peke yake.

"Na juu ya nini hukusema?" aliuliza Mama Zaina. "Nilirudi. Nilikuja mpaka mulango yako!"

Hapa inabidi niwakumbushe wale mnaotoka miji ya mbali. Kwetu, anayemzika mtu wa wenyewe ana deni la maneno. Ni lazima aende kwa ndugu wa marehemu, aseme ugonjwa ulikuwa gani, nani alishuhudia, marehemu alisema nini, na arudishe vitu vyake. Akifika bila shahidi, maneno yake hupimwa vibaya.

"Shahidi yangu nani?" alisema Mzee Wilondja. "Bangesema: mwanamuke alibaki peke yake na Wilondja, akakufa, na sasa Wilondja iko nalima shamba yake. Weye ungesikia hiyo, ungesema nini? Batu baliporudi baliniuliza kaburi ya nani. Nikasema ya dada. Niliogopa, mama."

"Na ile siku ya tribinali?"

"Jaji aliniuliza, ya nani? Ulimi ukashika njia yake ya zamani. Kisha weye ukasema vita ilimupeleka mu maji. Nikataka kusema hapana. Ulimi ukashika njia yake ya zamani."

Aliyoyasema kwa kuogopa kuitwa mwuaji ndiyo yaliyompa ushindi, na ushindi huo ulimfunga mdomo kuliko woga wenyewe. Nimewaona waongo wengi katika kazi yangu. Sikumwona mwingine aliyefagia uongo wake kila asubuhi na kuupangia mawe.

Mama Zaina alipiga magoti. "Aliniita?"

"Aliita jina yako. Alisema, Zaina asirudi kunitafuta mbele vita haijaisha."

Kisha Mzee Wilondja aliinuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na birika la bati na kitenge kilichokunjwa. "Birika sikutumikisha," alisema. "Nilijua ni ya maji ya sala."

Nilimwomba mama jaji ruhusa niache kazi kwa muda mfupi. Akakubali kwa kichwa. Nikasimama kando ya kaburi na Mama Zaina, nikasoma dua, na majaji waliinamisha vichwa ingawa dini yao ni nyingine. Mzee Wilondja alibaki kwenye michikichi. Hakuna aliyemwita asogee, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Hukumu ya rufaa ilimpa Mama Zaina shamba lote. Mimi ndiye niliyeipeleka, na ilikuwa moja ya karatasi zangu za mwisho. Nilianza kwa Mzee Wilondja. Aliniletea maji, nikayaweka chini.

"Hata maji, Shehe?"

"Nikisha kusoma, muzee."

Nikamsomea. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Vizuri. Sasa imesemwa," alisema. "Askari batakuja lini kunitosha mu hii shamba?"

"Hiyo iko mukononi ya Mama Zaina. Hukumu haina miguu. Mpaka mwenye kushinda aombe."

"Basi nitangojea neno yake." Akanisogezea maji. "Kunywa sasa."

Nilikunywa.

Kwa Mama Zaina nilikuta mikeka imetandikwa uwanjani. Bibi Mwajuma alikuwa akililiwa upya, kama aliyekufa jana. Wanawake wa sokoni, wale wale wa Mama Apeli, walikuwa wameketi naye wakilia. Nikamsomea kwa sauti ya chini.

"Askari sitaomba," aliniambia. "Ile nyumba yake abakie nayo. Alifanya kazi ya mutoto, na mutoto sikuwa hapo. Nitaenda kumwambia mwenyewe, kilio ikitoka."

Kwetu aliyefiwa hatoki kilioni kufuata shughuli, na neno zito kama lile halitumwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Humpasa mwenyewe kwenda kulisema. Yeye akabaki kwenye mkeka wake. Mzee Wilondja, kule shambani, akabaki kungojea neno. Siku zikapita bila neno, na kwa mtu mwenye hatia ukimya una maana moja tu. Kuja kilioni hakuweza. Angeketi upande gani, wa waliofiwa au wa walioleta kifo? Kila mmoja alikuwa akiishika desturi vizuri kabisa, na desturi ikawa ukuta kati yao.

Kilio kilipotoka, yaani siku za msiba zilipokwisha, Mama Zaina alikwenda. Alikuta mlango umefungwa kwa kamba. Kaburi lilikuwa limefagiliwa asubuhi ile au ya kabla yake. Anayeshindwa shamba, mara nyingi hukata miti aliyoipanda ili mshindi asiile. Nimeona mashamba yaliyokatwa mpaka migomba midogo. Mzee Wilondja hakuwa amekata mchikichi hata mmoja.

Majirani walisema amekwenda Lulimba, kwa mwanawe anayechimba dhahabu. Mama Zaina alituma maneno kwa kila mpanda pikipiki aliyekwenda upande huo: mwambieni arudi, nyumba ni yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaaga nyinyi alipokuja kwangu siku moja baada ya sala ya alasiri. Hakungoja niulize habari za Lulimba.

"Alikufa," alisema. "Mutoto wake alikuwa amehama, alienda mashimo ya mbali. Batu hawamujui ndio balimuzika. Shehe, nisindikize. Nataka kuona bale batu."

"Mi sina kazi tena, mama. Sina muhuri."

"Ndiyo maana nakuomba."

Tulipanda pikipiki mbili, na kwenye ya kwangu aliwekwa mbuzi, amefungwa ndani ya kapu. Kijana aliyeniendesha aliniuliza tukiwa tumepita Fizi mjini, "Muzee, kati yako na mbuzi, nani anashika nani?" Nikamwambia tunashikana, wote wawili tunamwomba Mungu. Udongo wa njia ile ni mwekundu, na tulipofika Lulimba hata ndevu zangu zilikuwa nyekundu.

Tuliuliza, tukaonyeshwa nyumba ya mchimbaji mmoja anayeitwa Baba Faraja. Alitoka akasimama mlangoni. Aliona mwanamke mgeni, aliona mzee mwenye mfuko begani, mfuko wangu ule ule wa gunia, na uso wake ukabadilika. Uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuona kwa Mzee Wilondja siku tuliyosimama kwenye michikichi.

"Homa ndiyo ilimuua," alisema kabla hatujasalimia. "Batu bote baliona. Vitu yake iko hapa, sikugusa. Kama muko na karatasi, mi niko tayari."

Mke wake alikuwa ameweka kigoda. Mama Zaina hakukikalia. Aliachia kamba ya mbuzi, akaketi chini, kwenye udongo, mbele ya mlango.

"Baba, usiogope. Hatukuje kuuliza. Tulikuja kushukuru."

"Muko bandugu yake?"

"Alizika mama yangu."

 Baba Faraja akamwita mkewe atoke nje. "Mama Faraja, kuja uone. Ni yeye." Akamgeukia Mama Zaina. "Mu homa yake alikuwa anasema: kuna mama atatoka Baraka, atakuja kuuliza nililala namna gani. Mumuonyeshe. Sie tulisema ni homa inaongea."

Walitupeleka. Kaburi lilikuwa kando ya njia, limelala kuifuata. Baba Faraja alieleza kuwa mzee mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo, kwa sababu watu wake wote wamelala namna hiyo. Mama Zaina alikata tawi la majani akaanza kufagia. Alifagia polepole, kutoka upande wa kichwa hadi wa miguu, na aliporidhika akarudia tena. Mimi dua ya Kikristo siijui. Nilimwomba Mungu mmoja tuliye naye, kwa maneno niliyokuwa nayo, amsamehe mtu aliyemlaza mfu wa wengine vizuri.

Tuliporudi nyumbani, Mama Faraja alikuwa ametenga ugali na sombe ya majani ya muhogo. Alinikaribisha, na kwa mazoea mkono wangu ukaingia kwanza mfukoni kutafuta karatasi. Humo mlikuwa na msahafu wangu na kanzu ya kubadili tu. Baba Faraja alikuwa ananitazama, bado anangoja karatasi. Nikautoa mkono nikamwonyesha kuwa hauna kitu. Kisha nikanawa, nikasema bismillahi, nikala.